Namna ya Kupima Usalama Wako Unapoendesha Gari Nchi ya Kigeni

Mtu wa Unguja aliyezoea kwenda Makunduchi na kurudi kabla ya magharibi, akivuka Bara na kushika njia ya Dodoma na Singida hadi Rusumo ili aingie Rwanda, ajue kwamba giza na uchovu ni wa kuogopwa kuliko wezi.

Kabla ya kuondoka, waulize madereva wa malori waliopita njia hiyo karibuni wapi wanalala na wapi hawasimami, na majibu ya watu wasiojuana yakikubaliana, yafuate.

Rwanda magari hupita kulia. Mpakani kila dereva huwa macho. Hatari huja baadaye, unapotoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu na mikono ikarudia mazoea ya kwetu, kwa hiyo abiria wa mbele na akukumbushe kwa sauti kila mnapoondoka.

Usiku usiendeshe kabisa. Lori lililoharibika huweza kuachwa njiani bila taa, likiwa limetangulizwa matawi ya miti tu, nayo hayaonekani gizani. Ukiyaona mchana, punguza mwendo papo hapo.

Kwenye mji usioujua, wanawake na watoto wakitembea kwa utulivu jioni na maduka yakiwa wazi, hiyo ni dalili njema. Watu wakifunga mapema na kupita haraka haraka, waulize sababu kabla ya kuchukua chumba.

Nakala za pasipoti na bima waachie wa nyumbani, na kila unapolala wapigie simu.