Kutembea mikokoni Kaole: hesabu mwezi kwanza, saa baadaye

Wageni ninaowapeleka Kaole, penye magofu ya mji wa kale karibu na Bagamoyo, huniuliza, "Tuanze saa ngapi?" Nami huwauliza, leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu? Matembezi yenyewe ni mafupi, saa moja na nusu au mbili, ila mwenye ratiba ni bahari.

Hatua ya 1: Tafuta siku
Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani kama tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za Kiislamu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya mita 3 hivi. Siku hizo pwani yetu hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Ndiyo maana tarehe 7 ya Kiislamu, saa nne hiyohiyo, utakuta maji yamejaa. Ingia mikokoni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa.

Hatua ya 2: Viatu
Raba za kufunga kamba. Niliwahi kwenda na yeboyebo. Mguu ulitoka, kiatu kikabaki, na mpaka leo kimo humo.

Hatua ya 3: Anzia magofuni
Bajaji kutoka mjini Bagamoyo, kilomita 5 hivi kuelekea kusini. Kiingilio unalipa getini. Msikiti wa zamani pale ni wa karne ya 13. Simama hapo utazame upande wa bahari: mji huu ulikuwa bandari, leo tope na mikoko vimejaa katikati. Humo ndimo tunamoingia.

Hatua ya 4: Jua miti
Hapa usikimbie. Mchu utaujua kwa mizizi iliyochomoza topeni kama penseli. Ndiyo pua zake, usiikanyage. Lamba jani lake: chumvi tupu, mti unaitoa kupitia majani. Mkoko wenyewe umesimama juu ya magongo, na mbegu yake huota ingali mtini, ikaning'inia kama fimbo ya kijani hadi idondoke na kujichoma topeni. Kaa mwenye gando moja kubwa atakupungia. Nyamaza kidogo tu, atatoka shimoni. Fito usikate hata moja, mikoko ni hifadhi ya serikali.

Hatua ya 5: Jua wakati wa kugeuka
Ukifika kwenye mkondo, tupia jani majini. Likielekea baharini, bado una nafasi. Likizungukazunguka pale pale, maji yamesimama, piga picha zako za mwisho. Likianza kuja nchi kavu, geuka hapohapo, hata kama mwenzako anasema "dakika moja tu". Vijito ulivyoviruka wakati wa kuja ndivyo hujaa kwanza.

Raba zisuuze kabla tope halijakauka. Linanuka, na dereva wa bajaji atakudai hela ya kuosha siti.