Kufunga propela shafti kwenye kigari chenye injini ya pikipiki

Mwongozo huu wa kufunga propela shafti, yaani bomba linalopeleka mzunguko wa injini hadi ekseli ya nyuma, unamhusu mtu ambaye tayari ana fremu, injini ya pikipiki ya sisi (cc) 150 au 200, na ekseli ya nyuma yenye difu (gia zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili). Nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mmoja wa Kizota, hapa Dodoma, ambaye kigari chake kilitetemeka kila kilipokolea mwendo, huku mafundi wakimbadilishia beringi zisizo na kasoro.

Hatua ya kwanza ni kuielekeza injini. Igeuze ili upande wa sproketi, gurudumu la meno linalovuta mnyororo, utazame nyuma ya gari. Pikipiki nyingi zina sproketi kushoto, na ukiigeuza hivyo, shafti huzunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka nyuma, kama ilivyo katika magari mengi ya kawaida. Kabla ya kuchomelea chochote, zungusha difu kwa mkono uone magurudumu yanaelekea wapi. Mimi napendelea difu ya guta la mizigo linalotumia shafti kuliko ya gari dogo, kwa sababu injini hizi hazina nguvu za kubeba chuma kizito bure.

Hatua ya pili ni flenji, sahani ya chuma yenye matundu ya bolti ambayo shafti hufungwa kwayo. Usichomelee kitu moja kwa moja kwenye shafti ya gia boksi, kwa kuwa joto huharibu oili sili na kulegeza ugumu wa chuma. Chukua sproketi ya injini hiyohiyo, mpe fundi kereza aondoe meno ya nje, ichomelewe kwenye flenji ikiwa mezani, kisha irudishwe kwenye mashine ya kereza inyooshwe, kwa maana kuchomelea hupinda. Grenda na jicho havitoshi hapa, hata fundi awe hodari kiasi gani.

Hatua ya tatu ni pembe za krosi, yaani viungo vyenye umbo la msalaba vinavyoiruhusu shafti kupinda, na hapa ndipo muda mwingi hupotea. Krosi iliyopinda haizungushi kwa kasi moja: injini ikizunguka sawasawa, upande wa pili huongeza na kupunguza kasi mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ya nyuzi 10 huleta tofauti ya takribani asilimia 1.5 juu na chini, na nyuzi 20 huleta takribani asilimia 6, ambayo utaisikia hadi kwenye kiti. Krosi ya pili inaweza kuifuta tofauti hiyo iwapo shafti inayotoka kwenye injini na ile inayoingia kwenye difu ziko sambamba, na iwapo masikio (uma unaoshika krosi) ya ncha zote mbili za bomba la kati yamelala katika usawa mmoja.

Sharti hili la mwisho ndilo lililokuwa limevunjwa kule Kizota. Meno ya mkono unaoteleza, sehemu ya shafti inayoirefusha na kuifupisha, hukubali kuingia katika nafasi nyingi, kwa hiyo aliyeunganisha shafti baada ya kuipaka grisi aliyaruka meno kadhaa bila kujua. Piga alama kwa patasi pande zote mbili kabla ya kuuchomoa mkono huo; rangi hufutika. Pima pembe dereva akiwa ameketi, kwa sababu springi zikibonyea difu hupanda. Ikiwa injini imekaa pembeni kidogo, pimamaji haitaonyesha pembe ya ubavuni, hivyo vuta uzi kutoka flenji hadi flenji. Wala usitafute nyuzi sifuri: vijiti vya beringi ya krosi visipotembea huchimba palepale vilipo. Nyuzi 1 hadi 3 kwa kila krosi zinatosha.

Kisha kata bomba kwa urefu ambao utauacha mkono unaoteleza na nafasi ya kuingia na kutoka ekseli inapopanda na kushuka. Bomba lipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kusawazisha uzito.

Funga pete ya chuma kuizunguka shafti karibu na krosi ya mbele kabla ya kuwasha injini. Krosi hiyo ikikatika bila pete, shafti hushuka, hujichimbia ardhini na inaweza kulinyanyua gari. Tumia bolti za daraja la 8.8 au zaidi na nati za kujifunga zenyewe, uzikaze upya baada ya safari ya kwanza. Nunua krosi zenye chuchu za grisi. Katika vumbi la kiangazi cha Dodoma, jaza grisi mpaka ile ya zamani itoke kwenye sili zote nne.