Yaowarat, Bangkok: usiishie kwa Buddha wa dhahabu

Ukienda hekalu la Wat Traimit, pale Yaowarat, mtaa wa Wachina wa Bangkok, unapoanzia, usikimbilie kuondoka ukishaiona sanamu ya Buddha. Kweli inastaajabisha: dhahabu ya tani 5.5 hivi, iliyofichwa ndani ya plasta hadi 1955, ilipokuwa inahamishwa ikaanguka na plasta ikabanduka. Lakini chini yake, jengo hilohilo, kuna makumbusho ya Wachina waliohamia Siam (Thailand ya zamani), na watu wanaipita tu! Ingia, tena taratibu. Wametengeneza hadi tumbo la jahazi walilosafiria, na soko la Sampeng la enzi hizo. Tiketi yake ni ya peke yake. Usiende Jumatatu, hufungwa. Mabega na magoti yafunikwe.