Avata ya VRChat kwenye Quest: anza na materiali

Wengi wakitaka avata yao ya VRChat, yaani mwili wao wa 3D kwenye mtandao huo wa kijamii, ionekane kwenye Quest, miwani ya uhalisia pepe ya Meta, hukimbilia kupunguza pembetatu, vipande vidogo vinavyounda umbo lake. Mimi ningeanza na materiali, yaani mipangilio ya rangi na mng'ao wa kila sehemu. Miwani hii inajiendesha yenyewe kwa chipu ya jamii ya simu, na kila materiali ni agizo jingine la kuchora. Chumba kikijaa watu, maagizo hayo ndiyo yanayoichosha.

Ndani ya Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, unganisha mwili, nguo na nywele, panga upya UV (ramani ya jinsi picha inavyokaa juu ya umbo), kisha hamishia tekscha zote, yaani picha zinazovika umbo hilo, kwenye picha moja ya pikseli 1024 × 1024, ili materiali moja itoshe. Uso upe nafasi kubwa, maana ndiko watu wanakotazama. Soli ya kiatu hata ikififia, nani ataiinamia?

Sasa pembetatu. Futa kwanza ngozi iliyofichwa na nguo. Mara nyingi hapo tu unaokoa maelfu bila kuharibu chochote. Baadaye ndipo upunguze nywele na vifungo. Mdomo na vidole viache, vitavunjika ukiongea au ukipunga mkono. Lenga chini ya 15,000: ukizidi 20,000 unaangukia daraja la chini kabisa la utendaji la VRChat, na Quest huficha avata yako kwa wengine mpaka waamue wenyewe kuiona.

Sheda, yaani programu ndogo zinazoamua jinsi materiali inavyochorwa, tumia zile za VRChat/Mobile tu. Hazina uwazi wa kawaida wa kuonyesha kilicho nyuma, kwa hiyo kama avata imevaa miwani, vioo vyake ving'oe au vipake rangi. Tekscha zibane kwa ASTC, mfumo wa kubana picha, faili likae ndani ya MB 10.