Kuvuta Wavu Usiokuwepo: Mwongozo wa Igizo Bubu

Anayetaka kusimulia kisa kwa mwili bila kutamka neno aanze na uzito, wala asianze na uso. Wanagenzi wengi hukimbilia kutoa macho na kupunga mikono, ilhali mtazamaji hukiamini kitu kisichoonekana pale tu mwili mzima unapokitaabikia. Mfaransa Étienne Decroux (1898–1991), aliyemfundisha mwigizaji bubu mashuhuri Marcel Marceau, alikipa kiwiliwili nafasi ya kwanza kuliko uso na mikono, na kwa maoni yangu hapo ndipo mahali sahihi pa kuanzia.

Kwa mkazi wa Kigoma, darasa la kwanza liko mwaloni. Nenda Kibirizi au Katonga asubuhi, wavuvi wa dagaa wanaporejea, umtazame mbebaji tangu anapoinama hadi anapotua mzigo: hatua zake zinavyofupika, shingo inavyokakamaa, na namna mabega yanavyochelewa kulegea hata baada ya mzigo kushuka. Huko kuchelewa ndiko waigizaji wengi hukusahau.

Kisha jizoeze kuvuta kamba ya wavu. Itazame kwanza, ndipo uishike. Fumba viganja ukiacha ndani nafasi ya unene wa kamba, na unene huo usibadilike mpaka mwisho. Kabla ya kuvuta, gandisha mikono hewani, halafu sogeza kiwiliwili mbele na nyuma bila mikono kuhama hata kidogo. Zoezi hili la nukta tulivu linachosha na halina mvuto wowote, lakini ndilo linalomfanya mtazamaji aone kamba, kwa sababu kitu kinachobaki mahali pake mwili unaposogea huonekana kuwa na uhai wake chenyewe.

Mvuto wenyewe uanzie kwenye nyayo, upite magotini na nyongani, uhamishe uzito kutoka mguu wa mbele kwenda wa nyuma, na mikono ifuate mwisho. Badilisha mkono mmoja baada ya mwingine, maana ukiachia yote miwili kwa pamoja wavu umezama. Kamba iliyokwisha kuvutwa irundike miguuni, na baadaye ikumbuke, usije ukaikanyaga kana kwamba haipo. Zingatia pia kwamba maji hubeba sehemu ya uzito: wavu ulio chini ya ziwa ni mwepesi kuliko unapotoka juu na samaki wake, kwa hiyo juhudi yako iongezeke mwishoni, wakati mtazamaji angetarajia unafuu.

Hapo kisa kinazaliwa. Wavu ukikwama, mvuvi ana uamuzi wa kufanya, ama kupiga mbizi ama kukata kamba. Simama kabisa kabla hajaamua, na utulivu huo uudumishe kuliko unavyoona inafaa. Usichezeshe midomo kama mtu anayesema, wala usitumie ishara badala ya maneno.

Mavazi yawe ya kawaida na ya rangi moja. Rangi nyeupe usoni si lazima.

Ukimaliza, mwite mtu ambaye hakuambiwa chochote, umwoneshe igizo, kisha umuulize ulichokuwa ukivuta. Akijibu kwamba ni kamba bila kujua kilichokuwa upande wa pili, rudi kwenye nyonga na nyayo.