Kumsaidia ndugu mwenye kiwewe: lini kunyamaza, lini kusimulia

Mtu anaponusurika katika ajali, vita au ubakaji, jamaa humiminika kumpa pole, na kila anayeingia huuliza, “Ilikuwaje?” Swali hilo huulizwa kwa upendo, lakini ndilo la kwanza la kuepuka. Shirika la Afya Duniani halishauri manusura kushinikizwa kusimulia tukio katika siku za mwanzo. Mpatie kwanza maji, chakula, mahali salama pa kulala na simu ya kuwapata watu wake, kisha keti karibu naye. Akitaka kusema, msikilize bila kumkatiza, na akinyamaza, nyamazeni pamoja. Usimwambie “jikaze”, na usimtafutie dawa za usingizi dukani bila daktari.

Kuota majinamizi, kushtuka mlango unapobamizwa, kukwepa barabara ile ya ajali au kufa ganzi moyoni si wazimu. Mwili bado unajibu kana kwamba hatari ipo. Kwa watu wengi dalili hizi hufifia zenyewe katika wiki za mwanzo, hasa wanapozungukwa na watu wao na kurudia kazi zao kidogo kidogo. Zikipita mwezi mmoja na kumzuia kuishi, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili. Akitaja kutaka kujiua, usingoje mwezi: asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Dalili zinapodumu hivyo ndipo kusimulia kunapokuwa tiba, mradi kuongozwe na aliyefunzwa. Mfano ninaouthamini zaidi ni wa kambi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, ambako wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwashauri wenzao kutoka Rwanda na Somalia; matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba waliotibiwa walipata nafuu kuliko waliofuatiliwa tu bila tiba. Katika tiba hiyo ya masimulizi, kamba hutandazwa chini kuwa mfano wa maisha tangu kuzaliwa: ua huwekwa palipokuwa na furaha, jiwe palipotokea maafa. Kisha mtu husimulia maisha yake kwa mfuatano, na akifika kwenye jiwe huenda polepole, akitaja alichokiona, alichokisikia, harufu iliyokuwepo na jinsi moyo ulivyomdunda, huku mshauri akimkumbusha kwamba sasa yuko hapa, salama. Mshauri huyaandika masimulizi hayo na kumsomea kikao kinachofuata. Hofu iliyokuwa ikizuka popote hupata mahali pake na mwaka wake.

Kazi hiyo usiijaribu nyumbani. Yako ni kumsindikiza, kwa kuwa vikao vya katikati huwa vizito na mtu anaweza kutamani kuacha. Akirudi, mwandalie chakula na mahali pa kupumzika, wala usimuulize alichosimulia.