Kujiandaa kwa nyurosaikolojia ukiwa bado katika masomo ya uzamivu Marekani

Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa saikolojia ya kitabibu aliyeko Marekani anayetaka kuwapima kumbukumbu, umakini na lugha watu wenye kiharusi, kifafa au jeraha la kichwa. Nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi mmoja kujaza maombi ya utarajali huku muda ukimwishia.

Hatua ya 1: Ijue njia. Mkutano wa wanyurosaikolojia uliofanyika Houston mwaka 1997 ndio ulioichora: uzamivu, mwaka mmoja wa utarajali, kisha miaka 2 ya mafunzo baada ya uzamivu.

Hatua ya 2: Chagua kozi. Lenga angalau kozi 3 za nyurosaikolojia na vituo 2 vya mafunzo kwa vitendo. Anatomia ya neva isome kabla hujaingia kliniki.

Hatua ya 3: Tunza rejesta ya saa na vipimo tangu wiki ya kwanza. Maombi ya utarajali hupitia fomu ya APPIC (chama cha vituo vya utarajali wa saikolojia), ambayo haitosheki na jumla ya saa ulizofanya kazi, bali hutaka zigawanywe katika mafungu ambayo kliniki nyingi hazina habari nayo. Muda uliokaa ana kwa ana na mgonjwa ukimpima au ukimweleza matokeo huingia katika fungu la tathmini. Muda wa kukokotoa alama na kuandika ripoti huingia katika kazi saidizi, ingawa katika fani hii ndio unaokula siku nzima. Saa moja haihesabiwi katika mafungu mawili. Ukiandika tu "kliniki, saa 8", miaka mitatu baadaye hakuna atakayeweza kuzitenganisha, na msimamizi aliyezishuhudia huenda amekwisha kuhama. Kwa hiyo mwombe atie sahihi kila muhula unapokwisha.

Ripoti nazo zina masharti yake. Ripoti jumuishi ni ile yenye historia ya mgonjwa, mahojiano na angalau vipimo 2, hivyo barua fupi ya matokeo ya kipimo kimoja haimo. Kila kipimo huorodheshwa kwa jina, pamoja na idadi ya mara ulizokitumia na ripoti ulizoandika kutokana nacho. Andika na toleo lake, maana WAIS-IV, toleo la nne la kipimo cha akili cha watu wazima, si WAIS-5. Vipimo ulivyojizoeza kwa wanafunzi wenzako usiviingize kabisa, na vya utafiti viweke mbali na vya kliniki. Fomu huuliza pia jinsia na asili ya wagonjwa uliowahudumia, mambo ambayo ni vigumu kuyakumbuka baadaye, lakini jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya faili visionekane popote katika rejesta yako.

Kuhusu chombo, sioni sababu ya kulipia programu maalumu. Jedwali la Excel lenye mstari mmoja kwa kila mgonjwa linatosha, na hubaki mikononi mwako hata usipokuwa na fedha ya kulipia mwaka unaofuata.

Hatua ya 4: Tasnifu iwe ya nyurosaikolojia. Anayejua Kiswahili ana uwanja mpana, kwa sababu vipimo vingi vina viwango vya kulinganishia alama vilivyotokana na wazungumzaji wa Kiingereza. Kilifi, Kenya, watafiti walitengeneza kipimo cha makuzi ya watoto wadogo, Kilifi Developmental Inventory. Anza kwa kusoma jinsi walivyokijenga.

Hatua ya 5: Kagua viza kabla ya kupanga orodha ya vituo vya utarajali unavyovitaka. Hospitali za maveterani za VA hutoa nafasi nyingi za utarajali, ila hutaka uraia wa Marekani, na kadi ya ukaazi haitoshi. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, kwa kawaida hufanya utarajali kwa CPT, kibali cha kufanya kazi iliyo sehemu ya masomo. Miezi 12 au zaidi ya CPT ya muda wote humnyima OPT (kibali cha kufanya kazi ya fani yake, hasa baada ya kuhitimu) ya ngazi hiyo ya masomo, nao utarajali wenyewe kwa kawaida ni miezi 12. Wasiliana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako kabla hujawasilisha orodha, kwa kuwa matokeo ya kupangiwa kituo yakishatoka yanakufunga.